Kabla Simu ya Bibi Harusi Haijaenda kwa Fundi



Mfunguo Mosi ukishaingia, nyumbani kwetu huletwa vitu viwili: mikono ya kutiwa hina na simu zilizokufa. Sisi ni ndugu wawili. Mmoja anachora hina na piko, mmoja anatengeneza simu, na meza ni hiyo hiyo moja, huku piko, kule bisibisi. Wateja wa upande huu mara nyingi ndio wateja wa upande ule, kwa sababu bibi harusi anayekaa saa tatu kanyoosha mikono hana la kufanya ila kuzungumza, na mazungumzo siku hizi hayakawii kufika kwenye simu. "Fundi kasema lazima aifungue butiloda." "Kasema akiiruti picha zitatoka zote." "Kasema ataiflashi, nimwachie mpaka kesho."

Tumeona tuliandike hili kwa urefu, maana maneno hayo matatu watu huyataja kama kitu kimoja, na si kitu kimoja. Kufungua butiloda kunafuta kila ulicho nacho. Kuruti kunaacha mlango wa ndani wazi. Kuflashi kunaweza kukuokoa au kukumaliza, inategemea fundi kachagua faili gani. Na simu ya bibi harusi haina picha zake peke yake. Mna picha za siku ya singo, mna video za kesha, mna mama wadogo na mashangazi waliovua mitandio wakacheza wakijua wamo baina ya wanawake wenzao. Hao hawakuulizwa kama simu iende kwa fundi.

Tuanze na butiloda. Simu inapowashwa, kabla hujaona hata nembo, kuna programu ndogo inayoamka mwanzo kuliko zote. Mfano wake ni yule mama anayekaa mlangoni kwenye ukumbi wa wanawake. Anatazama kadi, anatazama uso, anayemjua anapita, asiyemjua anabaki nje hata akisema yeye ni mpiga picha. Butiloda nayo hutazama saini ya kampuni kwenye mfumo wa simu. Saini ikiwa sawa simu inawaka, ikiwa si sawa inagoma. Kufungua butiloda ni kumwambia yule mama aende zake akale biriani. Tangu hapo, yeyote mwenye waya na kompyuta anaweza kuingiza mfumo anaoutaka yeye.

Waliotengeneza Android walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka sharti: butiloda ikifunguliwa, data yote ya mwenye simu inafutwa hapo hapo. Si hitilafu hiyo. Ni kinga, ili mwizi akivunja mlango wa nje akute chumba kitupu. Tena kwa simu nyingi huwezi hata kuanza kazi hiyo mpaka simu iwe inawaka vizuri, kwa sababu ruhusa yake inatolewa ndani ya mipangilio: unagonga namba ya muundo mara 7, sehemu ya wasanidi programu inafunguka, ndipo unaikuta swichi ya kuruhusu. Simu za Xiaomi zina desturi yao zaidi. Baada ya kuomba ruhusa unaambiwa usubiri, na wengi wameambiwa saa 168, yaani siku 7. Fungate nzima! Tulicheka sana mara ya kwanza, lakini kusubiri huko kuna maana yake. Aliyeiiba simu hana subira ya wiki.

Sasa chukua maneno haya na uyaweke mbele ya ahadi tunayoisikia kila msimu: "Simu imeganda kwenye nembo, nitafungua butiloda, nitairuti, nitakutolea picha." Simu imeganda, basi haifiki kwenye mipangilio. Na hata ingefika, kuifungua ndiko kunakozifuta hizo picha. Fundi anayesema hivyo huenda si mwongo. Vijana wengi wamejifunza kazi kwa kutazama wenzao na kwa video za YouTube, na kwenye simu za zamani sana mambo yalikuwa legelege kuliko sasa. Lakini hajui, na wewe ndiye utakayebaki bila picha.

Kuruti ni hadithi nyingine. Neno lenyewe ni mzizi, limetoka kwenye mifumo ya kompyuta ya zamani ambapo mtumiaji mkuu, mwenye ruhusa ya kugusa kila faili, aliitwa hivyo. Simu yako unapoinunua hukupewa mamlaka hayo. Wewe ni kama mpangaji: unakaa, unapamba, unabadilisha pazia, lakini huvunji ukuta. Kuruti ni kuchukua ufunguo wa mwenye nyumba. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, G1 ya mwaka 2008, ilikuwa na kichekesho chake hapa. Kwa kosa la waliotengeneza, kila ulichokiandika kwenye kibodi kilikuwa pia kinapelekwa kimyakimya kama amri yenye mamlaka ya mzizi. Mtu akiandika neno la kuwasha upya katika mazungumzo yake ya kawaida, simu ikizima na kuwaka. Google waliziba tundu hilo haraka, lakini watu walikuwa wameshaonja. Siku hizi wengi wanaoruti hutumia Magisk, programu iliyoandikwa na John Wu na kutoka mwaka 2016.

Watu wanaruti kwa nini? Wengi wanataka kuondoa programu zilizokuja na simu, kukata matangazo, au kuipa simu kongwe mfumo mpya. Si mambo mabaya. Wapo wanaotuuliza kama ni haramu, na hapo tunawapeleka kwa wenye elimu, sisi si masheikh. Simu ni mali yako. Lakini kwa simu ya kila siku ya mwanamke wetu, yenye picha za familia na pesa za mtandao, rai yetu ni hapana. Programu nyingi za benki zikigundua simu imerutiwa zinakataa kufunguka. Na kwenye Samsung kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ndani ya simu mna kitu mfano wa fyuzi, kinaitwa Knox. Ukiweka mfumo usio wa kampuni, fyuzi ile inakatika na hairudi, hata ukirejesha mfumo wa awali neno kwa neno. Ikishakatika, Folda Salama haifanyi kazi tena. Tunajua wangapi kati yenu mnaitumia folda hiyo kuficha picha zenu. Basi hebu fikiria: mtu anaiharibu sehemu uliyoificha stara yako, kwa jina la kukutolea picha.

Kubwa kuliko hilo ni kwamba ndani ya simu iliyorutiwa, programu iliyopewa mamlaka inasoma kila kitu. Kwa kawaida Android inazitenga programu, kila moja chumbani kwake. Mchezo wa watoto hauwezi kusoma ujumbe wako wa WhatsApp. Mzizi ukiwa wazi, kuta zile hazina maana kwa aliyepewa ufunguo. Fundi akikuachia programu moja tu yenye ruhusa hiyo, hata kwa kusahau, umekwisha kuwa na mgeni ndani ya nyumba usiyemjua. Surat An-Nur, aya ya 27, inatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu. Sisi tunaona simu ya mwanamke leo ni nyumba, na vyumba vyake vya ndani ni vingi kuliko nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe.

Mwaka juzi mdogo wetu, binti wa mama mdogo, aliolewa. Nikaha Ijumaa, na Jumapili asubuhi simu yake, Samsung ya kawaida ya daraja la kati, ikawa inaonesha nembo, inazima, inaonesha nembo, inazima. Sababu tuliijua baadaye: video za kesha zimeijaza mpaka hakuna nafasi, usiku ikaanza kujisasisha, chaji ikaisha katikati. Shemeji, kaka wa bwana harusi, kwa wema wake akaichukua akaipeleka mjini kwa fundi anayemjua. Fundi akasema yale yale, butiloda, ruti, iachwe mpaka kesho, na aandikiwe namba ya siri kwenye karatasi.

Bibi harusi alitupigia kwa simu ya mumewe, sauti ya chini, yumo fungateni. Hakulilia picha za harusi. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti za bibi yetu, mzaa mama, aliyefariki mwezi wa Shaaban. Bibi hakujua kuandika, basi alikuwa akimtumia mjukuu wake dua kwa sauti, kila alfajiri, kutoka Pemba. Nakala ya WhatsApp ilikuwa haijahifadhiwa tangu miezi, kwa sababu kila ikijaribu inakuta hakuna nafasi. Somo wake, aliyekuwa amekaa naye chumbani, alisikia habari ya kesha kwenda kulala dukani kwa mtu, akasema neno moja tu: "Mwari hatoki nje, picha zake ndizo zitoke?"

Tukampigia shemeji. Tulimwambia, "Shemeji, tunakuomba simu irudi leo."

"Dada zangu, fundi ni kijana wangu huyu, namwamini."

"Na sisi tunakuamini wewe. Lakini zilizomo humo si zako, si zake, wala si za bibi harusi peke yake. Ni amana ya wanawake ukumbi mzima."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo mmeshinda," akairudia. Fundi alimpa, ila alimwambia bila kuruti hatutoi kitu.

Kwanza tulijaribu rikavari, ile orodha ndogo ya maandishi inayofunguka kwa kubana kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti kwa pamoja. Samsung za miaka ya karibuni zinataka pia waya uwe umeunganishwa na kompyuta, na wengi hukwama hapo wakadhani simu imekufa kabisa. Humo mna mstari wa kufuta kache, huo hauna madhara kwa picha. Mna mstari mwengine, wa kufuta data yote na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Mistari hiyo miwili imekaa karibu karibu, na tumeona watu wakibonya wa pili kwa haraka. Sisi tulifuta kache. Haikusaidia.

Kilichobaki ni kuflashi, yaani kuupakia upya mfumo wa simu kutoka kwenye kompyuta. Na hapa tunaomba mtusome polepole hata kama hamtaki ufundi, maana ndipo penye siri yote. Mfumo wa Samsung ukishaupakua, ni mafaili makubwa kadhaa, yanaingizwa kwenye programu ya Odin, kila moja kwenye nafasi yake. Moja ya nafasi hizo inaitwa CSC. Ndani ya kifurushi kile kile mna mafaili mawili yanayofaa kukaa hapo. Moja limeandikwa CSC, jingine limeandikwa HOME_CSC. Ukiweka la kwanza simu inafutwa yote. Ukiweka la pili mfumo unapakiwa upya na vitu vya mwenye simu vinabaki mahali pake. Kazi ni ile ile na waya ule ule, tofauti ni neno moja mwanzoni mwa jina la faili. Na kwa kuwa mfumo ni wa kampuni wenyewe, na saini yake ipo, mama wa mlangoni hana sababu ya kugoma. Hakuna butiloda iliyofunguliwa na hakuna mzizi.

Kuupakua kulitumaliza bando mbili, kwa sababu mfumo mzima ni gigabaiti kadhaa na mtandao wetu mnaujua. Lazima namba ya modeli ilingane sawasawa, na toleo lisiwe la nyuma kuliko lililokuwemo, simu inakataa kurudi nyuma. Tulianza baada ya Isha. Mstari wa Odin ukajaa taratibu, likatoka lile neno la kijani la kufaulu, simu ikazima, ikawaka, nembo ikakaa muda mrefu mpaka mmoja wetu akaanza kusoma Ayatul Kursiyy kwa sauti, kisha kioo kikauliza namba ya siri.

Namba ya siri hatukuwa nayo, na hatukuitaka. Tuliizima simu, tukaifunga kwenye kitambaa, asubuhi tukampelekea mwenyewe chumbani. Aliandika namba, akaingia moja kwa moja kwenye sauti za bibi. Somo akatoka nje, na sisi tukatoka.

Si kila simu inarudi hivyo. Zipo zilizoharibika sehemu yenyewe inayohifadhi vitu, hizo hata HOME_CSC haiwezi kitu. Na njia hii ni ya Samsung. Kwa Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu na zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, nyingi zina chipu ya MediaTek na mafundi hutumia programu nyingine. Hiyo nayo ina njia panda yake: kupakia tu, au kufomati yote kisha kupakia. Hilo la pili linasafisha kila kitu, na linaweza kuondoka na namba ya IMEI ya simu. Simu isiyo na IMEI haishiki mtandao wa laini, na hapa Tanzania tangu tarehe 16 Juni 2016, TCRA walipozizima simu zenye IMEI bandia, hilo si jambo la kuchezea. Kwa hiyo kama simu yako bado inawaka na unaipeleka kwa fundi kwa sababu nyingine, bonyeza *#06# kwanza, andika namba zinazotokea, na ukiirudishiwa bonyeza tena mbele yake.

Wengine wanatuuliza: kwani fundi hawezi kuzitoa picha bila namba ya siri, akachomoa tu kumbukumbu ya simu? Kwa simu za zamani sana, ndiyo. Lakini tangu Android 7 ya mwaka 2016 mafaili yenyewe yanavurugwa kwa ufunguo, kila moja, na ufunguo huo umefungamana na namba yako ya siri na chipu ya simu hiyo hiyo. Simu zinazotoka na Android 10 na kuendelea hazina hiari, lazima zivuruge. Bila namba, mtu anapata uji tu. Hii ni habari njema kwa aliyepoteza simu kwenye boti, mradi namba yake ya siri si 1234 wala mwaka wake wa kuzaliwa. Na ndiyo maana fundi anapoomba namba ya siri iandikwe kwenye karatasi, mjue anaomba kitu kikubwa kuliko simu yenyewe. Kubadilisha kioo hakuhitaji namba. Kuflashi hakuhitaji namba. Akitaka kujaribu kama kioo kipya kinagusika, iandike wewe, au uwepo.

Memori kadi ni shauri jingine. Hiyo kwa kawaida haivurugwi, na ndiko picha nyingi zinakokaa. Tumeletewa simu iliyofutwa vizuri kabisa kwa ajili ya kuuzwa, na kadi imo ndani na harusi mbili juu yake. Itoe kabla hujatoka nyumbani. Ni kitu cha sekunde tano, kwa pini ya mtandio.

Sasa jambo ambalo linatuuma kuliko mafundi. Wasichana wengi wanaponunua simu dukani, muuzaji huwafungulia akaunti ya Google pale pale kwa hisani. Yeye ndiye anayechagua neno la siri. Msichana anaondoka, hajui hata anwani yake. Miezi inapita, Google Photos imewashwa, na kila picha anayopiga inapanda kwenye akaunti ambayo ufunguo wake anao kijana wa dukani. Hakuna aliyeruti chochote hapo, hakuna butiloda, na milango yote iko wazi. Siku simu ikifutwa ndipo anapoligundua, kwa sababu tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu iliyofutwa kwa nguvu kupitia rikavari inadai akaunti ile ile iliyokuwemo, na yeye haijui. Kisha anampeleka simu fundi "atoe loki ya Google", na safari inaanza upya. Kama wewe ni mmoja wao, usingoje harusi. Ingia kwenye mipangilio leo, tazama akaunti ni ipi, badilisha neno la siri, weka namba yako ya simu, na utazame ni vifaa gani vingine vimeingia humo. Ukikuta kifaa usichokijua, kitoe.

Na zawadi za posa pia. Simu mpya kutoka kwa mchumba ni jambo jema, wengi wanatoa kwa mapenzi. Ila mara mbili tumeletewa simu ambazo boksi lilishafunguliwa kabla na ndani mna programu ya kumfuatilia mvaaji pete, iliyofichwa isionekane kwenye orodha. Hatutasema zaidi kuhusu nyumba za watu. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na haikumtoa mume wala mke. Simu iliyokwisha kufunguliwa butiloda kwa kawaida inajisema yenyewe: ukiiwasha, mwanzoni kabisa linatoka onyo kwamba kifaa kimefunguliwa na hakiwezi kuaminiwa, na nyingine zinakuambia zitawaka baada ya sekunde 5. Ukiliona onyo hilo kwenye simu uliyopewa au unayoinunua mtumba pale Darajani, uliza kwanza. Simu isiyoonesha onyo nayo si lazima iwe safi, lakini kuirudisha kiwandani kabla hujatia chochote chako kunaondoa mengi, na mwenye nia njema hatakasirika.

Kuhusu kuhifadhi, tunajua wengi hawataki picha za kesha ziende hewani, na sisi tuko pamoja nao. Nunua flashi yenye mdomo wa simu, hamisha picha na sauti humo, iweke kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa na dhahabu. Nakala ya mazungumzo ya WhatsApp ukitaka ipande Google Drive, iwekee neno la siri lake, uwezo huo upo tangu mwaka 2021 na wengi hawajauwasha. Picha za watu wengine wasio na hijabu, ukishaziangalia ukafurahi, mtumie mwenyewe aliyemo kisha zifute. Mabibi harusi hukunja uso tukisema hili. Lakini kila picha iliyofutwa ni moja ambayo hakuna fundi atakayekuja kuiona.

Hatuchukii simu zilizofunguliwa, msituelewe vibaya. Tunayo Samsung moja kongwe, kampuni imeshaitupa zamani, tuliifuta ikabaki tupu, tukaifungua na kuitia LineageOS, mfumo wa wazi uliorithi kazi ya CyanogenMod baada ya huo kufungwa Disemba 2016. Sasa ina mfumo mpya kuliko ule wa kiwandani, iko madrasa, watoto wanasikilizia Qur'ani. Haina laini, haina picha, haina akaunti ya mtu. Hapo kufungua kuna raha yake.

Ukiipa simu yako ya zamani mdogo wako baada ya harusi, basi hamisha vyako, toa kadi, toa akaunti ya Google kwa mkono wako, ndipo uifute kupitia mipangilio na si kupitia vitufe. Kwa simu inayovuruga mafaili, kuifuta hivyo kunautupa ufunguo, na kilichobaki hakisomeki. Kwa simu kongwe isiyovuruga, ifute, ijaze video zozote za upuuzi mpaka nafasi iishe, uifute tena. Video za kuku zinafaa, tumeshazitumia.